Pembe Hazipunguzwi

Katika mtaa wa Batsinda, saa moja na nusu asubuhi, majirani walizoea kusikia mambo matatu. Walisikia mafagio. Walisikia watoto wakienda shule. Halafu walimsikia Winifred akigombana na kompyuta yake.

"Mmekataa tena?" aliiuliza asubuhi moja ya Jumanne. "Mmeona kasoro gani hapo? Si mseme!"

Mume wake, Niyonzima, alikuwa mlangoni akifunga kamba za viatu. Alikuwa mtunza ghala huko Muhima. Alikuwa amekulia Kampala, na Kiswahili alikiokota mjini Kigali, kidogo hapa, kidogo pale.

"Mama Gwiza, hiyo kompyuta iko kitu ya umeme," alisema. "Haina masikio."

"Walioniandikia wanayo!"

"Hao wako Ulaya huko. Hawakusikii."

"Basi nitapaza sauti."

Niyonzima alicheka, akachukua koti lake, akaenda kazini. Alikuwa amemzoea.

Winifred alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, ambako baba yake, mkimbizi kutoka Rwanda, alichunga ng'ombe. Alipokuja Kigali alijifunza kupiga video za harusi. Kwa miaka kumi na miwili alizunguka na kamera begani. Kama ulioa Kigali miaka ile, huenda ni yeye aliyekuambia, "Bwana harusi, tabasamu kidogo, hujafiwa."

Mpiga video wa harusi hutembea kinyumenyume. Maharusi wanakuja mbele, yeye anarudi nyuma, jicho kwenye kamera. Siku moja huko Kagarama, Winifred alirudi nyuma mpaka kwenye ngazi. Akaanguka. Akavunjika mfupa wa nyonga. Mfupa ulipona, lakini daktari alimkataza kubeba kitu kizito na kusimama saa nyingi. Kamera ikaingia kabatini.

Hakulia siku ile. Alilia wiki mbili baadaye, msafara wa harusi ulipopita barabarani ukipiga honi na yeye yuko kitandani. Alipofuta machozi alisema, "Miguu imekataa. Macho hayajakataa." Akaanza kutafuta kazi ya macho.

Kazi hiyo aliipata mtandaoni. Huko kuna masoko ya video. Mtu hutengeneza video fupi, ya sekunde kumi au ishirini, na kuipakia sokoni. Kampuni inayotaka kutengeneza tangazo huja, hutafuta, hununua. Na siku hizi si lazima mtu ashike kamera. Anaweza kuandika maelezo tu, kwa mfano "mwanamke anauza matunda sokoni asubuhi," na programu ya akili bandia ikamtengenezea video hiyo. Lakini kabla video haijawekwa sokoni, mkaguzi huitazama. Akiona kasoro, huikataa.

Winifred alikuwa ametuma video sitini na mbili. Ilikubaliwa moja. Ilikuwa ya mawingu.

"Mawingu!" aliwaambia watu wote waliotaka kusikia na wasiotaka. "Watu wangu wamekataliwa wote, mawingu yakapita!"

Alijua sababu, au alidhani anajua. Hao wakaguzi wanatudharau, alisema. Wakiona uso mweusi wanakataa. Kwa hiyo alifanya kiburi. Kila video iliyokataliwa aliibadilisha jina tu, akaituma tena. Ikikataliwa, jina jipya, inarudi tena. Video moja aliituma mara saba. Mimi ninayeandika hadithi hii nimeiona video hiyo, na nitakuambia ukweli: hata mara ya kwanza haikufaa kutumwa.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyeona afadhali Winifred aache. Huyo ni wifi yake Ariane, dada wa Niyonzima. Ariane alikuwa na duka la mapazia Muhima. Aliwatembelea Jumapili moja, akanywa chai, akasema:

"Wifi, mimi nakuonea huruma. Njoo dukani kwangu. Kiti nimeshakitafuta. Utakaa mlangoni tu, uangalie nani anaingia na nani anatoka."

Ariane hakuwa na ubaya. Lakini kwa Winifred hilo lilikuwa tusi. Mtu aliyepiga video harusi zaidi ya mia tano, akakae mlangoni aangalie mapazia! Hasira ikamfanya atoe neno.

"Wifi, nisikilize vizuri. Siku hawa watu wakinifungia soko lao, nitakuja mwenyewe kwenye kiti chako. Na sitalalamika hata siku moja."

"Umesema?"

"Nimesema. Baba Gwiza amesikia."

Niyonzima alikuwa amesikia. Alitamani asingesikia, kwa sababu neno la mke wake lilikuwa halirudi nyuma.

Na ile Jumanne asubuhi, baada ya mume wake kuondoka, Winifred alifungua ujumbe wa mwisho kutoka sokoni. Haukuwa kama mingine. Ulisema: "Umetuma mara nyingi video zilizokataliwa bila kuzirekebisha. Ukifanya hivyo tena, akaunti yako itafungwa moja kwa moja." Aliusoma mara tatu. Safari hii hakugomba. Alikiona kile kiti cha Ariane.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilifika, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Mtaa mzima ulitoka kusafisha mtaro wa maji ya mvua. Kwa sababu ya nyonga yake, Winifred alipewa kazi ya kugawa glovu. Alizigawa kwa hasira.

"Shika," alimwambia jirani mmoja. "Kushoto hii. Kulia ile. Au na wewe utazikataa?"

Jirani huyo alikuwa Wairimu, Mkenya, aliyehamia nyumba ya pili miezi michache iliyopita. Alizitazama glovu, akamtazama na Winifred.

"Mama Gwiza, nani amekukosea?"

"Wanaokataa video zangu. Nawatumia video nzuri za Afrika, wanakataa. Wanatudharau tu."

"Wewe hutengeneza na AI?"

"Ndiyo, na akili bandia."

"Na unauzia zile saiti za stoku?"

Winifred alishangaa. "Unazijuaje?"

"Mimi niko kwa ofisi ya matangazo hapo Muhima. Kazi yangu ndiyo hiyo, kununua video. Kwa siku naweza kuangalia mia mbili." Wairimu alivaa glovu ya kushoto. "Kesho nikitoka kanisani nitakuja nione zako."

"Njoo. Utaona zilivyo nzuri."

"Na nikiona ni mbaya, nitasema."

"Sema. Mimi siogopi mtu."

Wairimu alicheka, akashuka mtaroni.

Kesho yake alikuja kweli. Winifred alimwekea chai ya maziwa, akafungua kompyuta, akaanza na video aliyoipenda kuliko zote. Ilionyesha mwanamke akiuza maparachichi sokoni. Mwanamke aligeuka polepole sana. Nyota za dhahabu zikamwagika kutoka juu. Uso wake ulikuwa laini, hauna hata kunyanzi moja. Muziki wa vinanda ukapanda. Mwisho yakatokea maandishi ya dhahabu: Winnie Video.

Wairimu aliitazama mpaka mwisho. Akaweka kikombe chini.

"Anaolewa lini?" aliuliza.

"Nani?"

"Huyu mama wa maparachichi."

Niyonzima, aliyekuwa akisoma ujumbe kwenye simu yake, alicheka mpaka simu ikamponyoka. Winifred hakucheka.

"Unanitania?"

"Sikutanii. Hii ni video ya harusi. Nyota, muziki, uso umelainishwa, jina lako hapo mwisho. Mkono wako umezoea harusi."

"Watu wanapenda hivyo!"

"Maharusi wanapenda, maana maharusi wanataka kupendeza. Mimi nataka video nitakayoifanyia kazi. Nitaweka muziki wangu, maandishi yangu, rangi zangu. Sasa wewe umeshajaza kila mahali, zangu nitaziweka wapi? Na hilo jina lako nani atalifuta? Video yenye jina la mtu haipiti popote, Mama Gwiza. Hiyo ni sheria ya kwanza kabisa."

Winifred aliigeukia video. Alikumbuka kwamba nyota zile aliziweka yeye. Muziki ni yeye. Programu haikumwomba hata kimoja.

"Sawa," alisema. "Nyota nitatoa. Nitaituma bila nyota."

"Ngoja. Ulishawahi kuiangalia pole pole? Picha moja moja?"

"Nimeiangalia mara mia!"

"Ikiwa inatembea. Wacha tuisimamishe."

Wairimu alibonyeza kitufe. Video ikasimama. Akaikuza mpaka mkono wa muuzaji ukajaza kioo. Halafu akaisogeza, picha baada ya picha.

"Hesabu vidole," alisema.

Winifred alihesabu. "Moja, mbili, tatu, nne, tano..." Akainamia kioo.

"Endelea."

"Sita."

"Na hili parachichi linaenda wapi?"

Parachichi lilikuwa linaingia ndani ya kiganja, kama siagi kwenye kikaango. Picha tatu baadaye lilikuwa halipo. Winifred alisogeza kiti karibu. Nyuma ya muuzaji kulikuwa na mtu anayetembea, na miguu yake ilipishana ikawa mguu mmoja. Kwenye kibao cha duka kulikuwa na herufi ambazo si za lugha yoyote. Miezi minne alikuwa ameitazama video hiyo bila kuyaona hayo yote. Nyota zilikuwa zimemfumba macho yeye mwenyewe kwanza.

Walifungua nyingine. Ilikuwa ya dereva wa pikipiki na abiria wake katika barabara ya Kigali.

"Hii iko mzuri," alisema Niyonzima, akijaribu kumsaidia mke wake.

"Baba Gwiza, angalia abiria," alisema Wairimu. "Iko wapi helmeti?"

Niyonzima alisogea. "Yampaye inka!" alisema kwa mshangao. "Abiria bila helmeti? Hapa Kigali? Hao hawafiki hata kona ya kwanza, polisi iko nao."

"Na hii fulana ya dereva ina alama inayofanana na ya kampuni ya simu. Alama ya kampuni huwezi kuuza. Hata ikiwa imepindapinda, mkaguzi ataikataa, na akikosa kuikataa, mimi sitainunua. Naogopa kesi."

Winifred alisimama. Alienda dirishani, mkono kwenye nyonga.

"Nilikuwa nimelaumu Ulaya nzima," alisema. "Kumbe vidole sita."

"Si wewe peke yako," alisema Wairimu. "Kila mtu anayeanza hufanya hivyo. Lakini kuna jambo moja hapa limenikasirisha. Ukituma, wanakuuliza kama video imetengenezwa na AI. Wewe, naona hapa, umejibu hapana."

Winifred aligeuka. "Nilidhani wakijua wataidharau."

"Sikiza. Nikinunua nikidhani ni mtu wa kweli, soko la kweli, nimwambie mteja hivyo, halafu gazeti ligundue si kweli, anayefukuzwa kazi ni nani? Ni mimi. Na mwanangu atakula nini? Mtu anayeficha hilo hanidanganyi kidogo, ananidanganya kabisa. Jibu ndiyo. Na usiandike ni soko la mahali fulani au mtu fulani, kwa sababu si yeye."

Maneno hayo yalimwingia Winifred kuliko vile vidole. Alikuwa mkali, lakini mwongo hakuwa.

"Nimekosa," alisema. "Hapo nimekosa kweli."

Alikaa chini, akavuta daftari la shule la mtoto wao Gwiza, akaandika yote aliyoambiwa. Aliandika pia jambo ambalo Wairimu alilisema akiwa anavaa viatu: asitume video kumi na tisa za mama mmoja ambazo kinachobadilika ni kitambaa cha kichwani tu. Achague moja iliyo bora.

"Na wakikosea wao?" Winifred aliuliza mlangoni. "Nikiwa sawa, wao wakakosea?"

"Hapo sasa unapigana," alisema Wairimu. "Lakini kwanza hakikisha huna kidole cha sita."

Wiki tatu zilizofuata Winifred alifanya kazi kama mtu aliyetukanwa. Video zote za zamani alizifuta. Alianza upya. Kila video mpya aliitazama mara tatu kwa ukubwa kamili, picha moja moja. Mara ya kwanza alitazama mikono na nyuso. Mara ya pili alitazama watu na vitu vya nyuma. Mara ya tatu alitafuta maandishi na alama za kampuni. Hakuweka nyota. Mkono wake ulienda wenyewe kwenye nyota mara mbili, akaupiga kofi.

Video nyingi alizikataa yeye mwenyewe. "Imekataliwa!" alisema kwa sauti nzito, akaifuta.

"Sasa umekuwa mkaguzi?" Niyonzima alimtania.

"Mkali kuliko wao."

Video iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa ya ng'ombe. Winifred alitaka inyambo, wale ng'ombe wa pembe ndefu aliokua nao nyumbani kwa baba yake. Alitaka wapande kilima asubuhi, kwenye ukungu. Programu ilimpa ng'ombe weusi na weupe, wenye pembe za kidole. Akabadilisha maelezo. Ikampa nyati. Akaandika upya, mstari kwa mstari: pembe nyeupe, nene kwenye shina, zinapanda juu na kufunguka kwa nje, ndefu kuliko mkono wa mtu. Alijaribu mara thelathini na nne. Mara ya thelathini na tano walitokea. Ng'ombe wa mbele aligeuza kichwa taratibu, kama anayeitwa. Winifred alimtazama kwa muda mrefu. Baba yake alikuwa na mmoja aliyegeuka hivyohivyo akisikia jina lake.

Alikagua mara tatu. Miguu minne. Masikio mawili. Pembe hazikuyumba wala kubadilika urefu kutoka picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Kwenye swali la akili bandia alijibu ndiyo.

Alituma video sita. Siku nne baadaye majibu yalikuja. Tano zilikubaliwa. Winifred alipiga vigelegele mpaka fundi cherehani wa nyumba jirani akazima redio asikie. Kisha akasoma jibu la sita.

Ng'ombe amekataliwa. Mkaguzi aliandika: "Kasoro ya umbo. Pembe za mnyama ni kubwa kupita kiasi na hazilingani na mwili. Rekebisha."

Niyonzima aliporudi kutoka kazini alimkuta mke wake amekaa mbele ya kompyuta, mikono imekunjwa.

"Wamesema pembe ni kubwa kupita kiasi," alisema.

Niyonzima alisoma. Aliinua mabega. "Basi weka pembe ndogo. Iko rahisi. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Mama Gwiza, una tano! Acha hiyo moja."

"Vidole sita, walisema kweli. Jina langu, walisema kweli. Nilikubali yote, sikukubali? Lakini hizi pembe si kosa. Ng'ombe wako hivi. Wamekuwa hivi kabla soko lao halijazaliwa. Sasa mimi nikate pembe ili mtu asiyewahi kumwona inyambo aridhike? Sikati."

"Na ukituma tena bila kubadilisha, wanafunga akaunti. Halafu ni kiti ya Ariane." Niyonzima alishusha sauti. "Mimi sipendi wewe ukae pale. Ndiyo maana nasema kata pembe."

Winifred alimtazama mume wake. Hakuwa amejua kwamba hata yeye kile kiti kinamuumiza. Alimshika mkono.

"Sitatuma tena," alisema. "Nitapigana vizuri."

Walimwita Wairimu. Alikuja na kanga begani, akatazama video picha moja moja kwa robo saa nzima.

"Hii ni safi," alisema. "Mkaguzi hajui hawa ng'ombe. Lakini usiitume tena, Mama Gwiza. Kuna mahali pa kukata rufaa. Unawaandikia, mtu mwingine anaangalia. Nitakuwa mkweli kwako: wakati mwingine husikiliza, wakati mwingine hawasikilizi. Na wewe umeshaonywa. Wakikuona msumbufu, wanaweza kukufungia hapo hapo."

"Najua."

"Na bado utaandika?"

"Bado."

Winifred aliandika. Barua yake ya kwanza ilikuwa na kurasa mbili. Ndani yake kulikuwa na ukoloni, dharau, na swali kama mkaguzi huyo amewahi kunywa maziwa. Wairimu aliisoma, akaikunja.

"Hii tutaiweka kwa kabati," alisema. "Andika ile ya kazi. Sema nini kimekataliwa, kwa nini si kosa, na uonyeshe ushahidi."

Neno ushahidi lilimsimamisha Winifred. Alikwenda chumbani. Akafungua kabati, akaishika kamera yake ya zamani, ambayo hakuwa ameigusa tangu siku ile ya Kagarama. Kadi ilikuwa bado ndani. Alipata picha alizopiga kwa shangazi yake huko Nyagatare, mwaka mmoja kabla ya kuanguka. Inyambo kumi na moja. Pembe zao zilipita juu ya kichwa cha mchungaji.

Aliambatisha picha mbili, kisha akaandika: "Mlikataa video yangu ya ng'ombe kwa sababu ya pembe. Hawa ni inyambo, na pembe zao ndivyo zilivyo. Picha hizi mbili nilizipiga mwenyewe kwa kamera. Sijabadilisha video na sitapunguza pembe. Video ni ya kutengenezwa, na nimesema hivyo. Pembe ni za kweli."

Wairimu alitaka aondoe "sitapunguza pembe." Winifred alikataa. Akabonyeza, barua ikaenda.

Siku tisa hakupata jibu. Siku ya tano Ariane alipiga simu kuuliza kama kiti akifunike kisipate vumbi. "Kifunike," alisema Winifred. Akakata simu, akarudi kwenye video zake.

Siku ya kumi, saa kumi na moja jioni, Niyonzima alikuwa anavua viatu mlangoni. Kompyuta ililia. Winifred alisoma, kisha akamgeuzia mume wake kioo.

Niyonzima alisoma kwa sauti. "Asante kwa maelezo na picha. Tumekosea. Video imekubaliwa. Tumewajulisha wakaguzi wetu kuhusu aina hii ya ng'ombe."

"Sijasikia vizuri," alisema Winifred.

"Nimesema imekubaliwa."

"Kabla ya hapo. Soma tena."

Niyonzima alielewa. Alisimama na kiatu kimoja mguuni, akasoma kama mchungaji kanisani. "Tumekosea."

Winifred alikaa kitini, akaficha uso kwa mikono yote miwili. Alilia, na hakuona aibu. Niyonzima alichukua simu yake, akampigia dada yake mwenyewe.

"Ariane? Ile kiti yako, tafuta mtu mwingine. Huyu ako na kazi."

"Mwambie na pembe," alisema Winifred katikati ya machozi.

"Na anasema pembe ziko ndefu. Wewe usiulize. Ziko ndefu tu."

Siku hizi Batsinda, saa moja na nusu asubuhi, majirani bado wanasikia mafagio na watoto wa shule. Halafu wanamsikia Winifred akihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Akifika tano anasimama, anatuma. Akifika sita anafuta, anaanza upya. Na zipo asubuhi nyingine ambapo anahesabu vizuri mpaka mwisho, anakuta yuko sawa, na bado amekataliwa. Hapo sauti inapanda mtaa mzima, na Wairimu, akiwa njiani kwenda kazini, anasimama dirishani na kuuliza kama kuna picha za ushahidi.

"Zipo!" anajibu Winifred. Kamera haimo tena kabatini.